Nani Anamcheka Nani? Mshamba, Lafudhi na Upokezi wa Filamu za Vichekesho Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu za vichekesho za Kitanzania zinavyopokelewa na wahakiki kwa upande mmoja, na hadhira ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa upande wa pili. Mara nyingi wahakiki wamezipima filamu hizo kwa uimara wa msuko na ubora wa picha, na kuzihukumu kuwa ni kazi za haraka zinazotegemea vituko na lafudhi. Makala yanadai kwamba kipimo hicho kinaliacha kando swali ambalo kwa hadhira ya Usukuma ndilo la kwanza: nani anamcheka nani, na anayechekwa ana nafasi gani ya kujibu? Kwa kuiweka nadharia ya upokezi sambamba na kanuni za utani na za mashindano ya ngoma ya Wasukuma, makala yanachambua mhusika mshamba, lafudhi ya Kisukuma ya jukwaani, na sanaa ya Steven Kanumba, King Majuto na Sharo Milionea. Inahitimishwa kwamba kasoro kubwa ya sehemu ya vichekesho hivi ni kuvunja masharti ya utani, na kwamba hadhira imekuwa ikiirekebisha kasoro hiyo yenyewe, ndani ya banda la video.

1.0 Utangulizi

Filamu za vichekesho ni miongoni mwa kazi za sanaa za Kiswahili zilizosambaa zaidi nchini Tanzania tangu kuanza kwa enzi ya video. Ziliingia majumbani kwa kanda, kisha kwa santuri, kisha kwa simu za mkononi. Na pale ambapo nyumba haikuwa na televisheni, zilitazamwa katika kibanda umiza, yaani banda la video lenye mabenchi magumu na joto kali ambalo jina lake lenyewe ni kichekesho. Pamoja na mtandazo huo, vichekesho vimepata nafasi ndogo katika uhakiki. Tafiti muhimu za filamu za Kitanzania, zikiwamo za Mona Mwakalinga, Vicensia Shule, Claudia Böhme, Uta Reuster-Jahn na Matthias Krings, zimetufundisha mengi kuhusu uchumi wa filamu, usambazaji kutoka Kariakoo, athari za filamu za Nigeria na filamu za kutisha. Kichekesho kimetajwa zaidi kama tawi la biashara kuliko kama utanzu wenye kanuni zake.

Nje ya vyuo, hukumu imekuwa kali na ya aina moja. Hulalamikiwa kwamba vichekesho vinatengenezwa kwa siku chache, kwamba havina mswada, kwamba wahusika ni bapa na kwamba mwigizaji huchekesha kwa kuvaa nguo zisizomwenea na kuvuruga matamshi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yanapoambatana na umaarufu mkubwa wa kazi hizohizo, huzaa hitimisho la tatu ambalo ndilo la hatari: kwamba hadhira, hasa ya mikoani, haina ladha. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Yanaichukua Shinyanga na Geita kama mahali pa kulipimia kwa sababu mbili. Kwanza, hadhira ya huko kwa sehemu kubwa ni ya Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, ambalo pia ni shabaha ya mara kwa mara ya vichekesho vya lafudhi. Pili, uchimbaji wa madini umeugeuza uhusiano wa shamba na mji, ambao ndio chimbuko la vichekesho vingi.

2.0 Upokezi na Kanuni ya Mbina

Hans Robert Jauss aliwafundisha wahakiki kwamba maana ya kazi ya sanaa haikamiliki kabla haijakutana na upeo wa matarajio wa wapokeaji wake. Stuart Hall, katika hoja yake ya mwaka 1973 kuhusu televisheni, aliongeza kwamba mpokeaji anaweza kuukubali ujumbe kama ulivyokusudiwa, kujadiliana nao, au kuupinga huku akiendelea kuutazama. Karin Barber (1997) alizileta hoja za namna hii katika mazingira ya Afrika kwa kusisitiza kwamba hadhira si kundi lililokwisha kuwapo likisubiri onyesho. Hadhira hujengwa na historia ya mahali na desturi zake za kukusanyika.

Usukuma una desturi ya kukusanyika inayoihusu hoja hii moja kwa moja. Katika mbina, yaani michezo ya ngoma inayofanyika hasa baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa namna ya pekee. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mtazamaji yuko huru kusimama upande huu, kuuacha, na kwenda upande wa pili. Upande unaovuta umati mkubwa ndio unaoshinda. Ndiyo maana kila kundi hutafuta nyimbo mpya, vituko, wanyama, vinyago na hata dawa za mvuto, ili watu wasiondoke. Katika utaratibu huu mtazamaji huhukumu kwa miguu yake.

Kanuni hiyo ina matokeo mawili ya kinadharia. Kwanza, kituko si pambo la nje ya sanaa. Ni hoja katika shindano la kuushika umakini wa watu. Mhakiki anayekilaani kituko kwa kuwa ni kituko anatumia sheria za uwanja mwingine. Pili, kuwapo kwa mtazamaji hakumaanishi kwamba amekubali kila anachokiona, kwa sababu aliyesimama upande wa Bagika anaweza kuwa amekuja kumpeleleza mpinzani. Vivyo hivyo, banda la video kujaa watu si ushahidi kwamba waliomo wameridhia kuchekwa.

Kibanda umiza kimerithi sehemu ya tabia ya uwanja huo. Watazamaji huzungumza na wahusika, huwaonya, huwatukana, hutabiri tukio linalofuata na humfokea mwenye banda abadilishe filamu. Wafasiri wa filamu, ambao maarufu wao alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, waliigeuza sauti hiyo ya hadhira kuwa kazi: walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku wakiongeza maelezo, mifano na mizaha yao wenyewe. Krings ameifananisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Kinachofaa kusisitizwa hapa ni kwamba mtazamaji aliyelelewa na mbina na kibanda umiza hajazoea kunyamaza mbele ya onyesho. Amezoea kujibu.

3.0 Mshamba Aingiapo Mjini

Mhusika mshamba ana umri mkubwa katika filamu za Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu kadhaa za Kiswahili kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni. Miongoni mwake ni Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza kama mhusika mkuu. Ni kisa cha kuchekesha cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kupatwa na masaibu mikononi mwa wajanja wa mji. Mtazamaji anamcheka kwa kutojua kwake. Lakini kicheko hicho kinabeba fundisho ambalo utawala wa kikoloni ulilihitaji: mahali pa mshamba ni shamba.

Baada ya uhuru fundisho lilibadili mavazi, si mwelekeo. Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Kampuni ya Filamu Tanzania ya miaka ya 1970, ilimwonyesha mkulima anayekwenda mjini, anayekata tamaa huko, na anayerejea kijijini akiwa ameuona mwanga wa ujamaa. Safari ni ileile, ingawa sasa kijiji kimepewa heshima. Katika enzi ya video mwelekeo haukuwa na mwalimu tena. Mshamba aliingia mjini, akashangaa magari, akaibiwa, akatamka vibaya, na kisa kikaishia hapo. Fundisho lilipoondoka, kilichobaki ni kicheko peke yake, na kicheko peke yake kinahitaji kuulizwa kinatoka wapi.

Nadharia kongwe ya ucheshi, ile inayohusishwa na Thomas Hobbes, inadai kwamba tunacheka pale tunapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Nadharia hiyo inaeleza vyema kwa nini mtazamaji wa Kinondoni anamcheka mshamba. Haiwezi kueleza kwa nini mtazamaji wa Kahama au Katoro naye anacheka, ilhali kwa mtazamo wa filamu yenyewe yeye ndiye mshamba. Maelezo rahisi ni kwamba mtu wa Kahama humcheka aliye shambani zaidi kuliko yeye. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Ili kuyakamilisha ni lazima kuusikiliza ulimi.

4.0 Lafudhi ya Jukwaani na Vicheko Viwili

Msukuma wa vichekesho hutambulishwa kwanza kwa sauti. Kabla hajatenda lolote la kipumbavu, husema neno moja na watu hucheka. Kiisimu, malighafi ya mzaha huu inafahamika. Kisukuma kina irabu saba, tofauti ya kifonimu baina ya irabu fupi na ndefu, na mfumo wa toni uliochambuliwa kwa kina na Irvine Richardson (1959) na baadaye na Herman Batibo (1985). Kiswahili sanifu kina irabu tano na mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kisukuma hakitofautishi /r/ na /l/ kama Kiswahili kinavyofanya, wala hakina /th/, /dh/ na /gh/. Kwa hiyo msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma anaweza kusema "halaka" kwa "haraka" au "zahabu" kwa "dhahabu". Huo ni uhamisho wa mfumo mmoja kwenda katika mwingine. Una utaratibu, unatabirika, na haumwambii msikilizaji lolote kuhusu akili ya msemaji.

Lafudhi inayosikika katika vichekesho si hiyo. Ni lafudhi ya jukwaani. Mwigizaji hubadilisha kila /r/ kuwa /l/, na mara kwa mara kila /l/ kuwa /r/, katika sentensi moja. Hurefusha irabu popote panapomfaa, ilhali katika Kisukuma urefu wa irabu una kanuni na hubeba maana. Hupandisha na kushusha sauti kama wimbo usio na mpangilio, ilhali toni ya Kisukuma ni sehemu ya sarufi. Huongeza "ng'wanawane" mwishoni mwa kila kauli, kama kwamba mzazi wa Kisukuma hana neno jingine. Matokeo ni lahaja ya tatu ambayo haizungumzwi Maswa, Shinyanga wala Sengerema. Inazungumzwa katika vichekesho tu.

Hapa ndipo upokezi unapogawanyika. Msikilizaji asiyejua Kisukuma huichukua lafudhi hiyo kama nakala ya Msukuma na kumcheka Msukuma. Msikilizaji anayekijua huisikia mara moja kuwa ni kosa. Anachokiona mbele yake ni mtu wa mji anayejaribu kusema kama Msukuma na kushindwa vibaya. Naye hucheka, lakini anayechekwa si yuleyule. Vicheko viwili vinatoka katika banda moja, kwa wakati mmoja, kwa neno moja. Mhakiki aliyeko mbali huvisikia kama kicheko kimoja na kuandika kwamba hadhira imefurahi. Upokezi wa kupinga aliouzungumzia Hall unaweza kufanyika kwa sauti ileile ya kukubali.

Mzaha mkongwe wa "kura" na "kula" unaonyesha mgawanyiko huo vizuri. Msemaji asiyetofautisha /r/ na /l/ huwahimiza wenzake wajitokeze "kupiga kula". Kwa sikio la mji, mzaha unamhusu mpiga kura asiyejua kutamka jambo ambalo ni haki yake. Kwa sikio la kijijini, mzaha unamhusu anayepigiwa kura, ambaye kwake maneno yale mawili ni kitu kimoja kweli. Lafudhi inayodhaniwa kuwa upungufu inakuwa chombo cha kejeli ya kisiasa, na mshamba anakuwa ndiye pekee aliyesema ukweli. Mzaha wenye uwezo wa kugeuka namna hiyo ni mzaha mzuri. Mzaha wa lafudhi ya jukwaani kwa kawaida hauna uwezo huo, kwa sababu hauna kitu nyuma ya sauti.

Suala hili si dogo kwa mwanafunzi wa isimu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kutokana na uamuzi uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kwa msingi huo karibu kila Mtanzania wa bara ni mgeni wa kiwango fulani katika matamshi sanifu. Lugha ya taifa iliahidi kwamba ugeni huo hautamzuia mtu kusikilizwa. Mtoto wa Shinyanga anayejifunza kutoka kwenye skrini kwamba sauti ya bibi yake ni kichekesho anajifunza pia kunyamaza darasani.

5.0 Gharama ya Ulimi: Steven Kanumba

Mwigizaji aliyekuwa nyota kubwa kuliko wote wa enzi ya video nchini alizaliwa Shinyanga. Steven Kanumba, aliyezaliwa mwaka 1984 katika familia ya Kisukuma, alisoma Shinyanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, akapita Kaole, na akajijengea taswira ya mwanamume mtanashati wa mji: suti, gari, nyumba ya ghorofa, majina ya filamu kwa Kiingereza. Alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika katika mazishi yake jijini Dar es Salaam ulidhihirisha ukubwa wa hadhira aliyokuwa nayo.

Katika taswira hiyo, Usukuma hausikiki. Hata alipoingia katika ucheshi, kama katika Uncle JJ aliyoigiza pamoja na watoto, kichekesho hakikutokana na lafudhi wala na ushamba, bali na mtu mzima mwenye hadhi anayezidiwa maarifa na watoto. Inaweza kusemwa kwamba Kanumba aliutumia ucheshi kwa namna ya kiungwana kuliko wengi wa wakati wake. Lakini inaweza kusemwa pia kwamba mtoto wa Shinyanga aliruhusiwa kuwa nyota kwa sharti kwamba Shinyanga isisikike kinywani mwake.

Sharti hilo halikumlinda. Alipotembelea jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, alikejeliwa sana nyumbani kwa ajili ya Kiingereza chake. Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama habari za mastaa. Kwa hoja ya makala haya lina uzito zaidi. Mtu aliyekwisha kuvuka ngazi moja ya lugha, kutoka Kisukuma hadi Kiswahili cha mji, alisubiriwa katika ngazi ya pili na kicheko kilekile. Waliomcheka wengi wao nao hawakuwa wamezaliwa na Kiingereza. Kicheko cha lafudhi hakina kilele. Kila anayekitumia kumshusha mwingine anakiacha wazi kitumike dhidi yake.

6.0 Masharti ya Utani: King Majuto na Sharo Milionea

Watetezi wa vichekesho vya lafudhi hujibu kwamba huo ni utani tu. Jibu hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko wanavyolichukua wao wenyewe. Utani ni taasisi yenye sheria. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na makabila kadhaa, yakiwamo ya mwambao kama Wazaramo, uhusiano ambao hufungamanishwa na safari za misafara ya karne ya 19. Katika utani, anayetania lazima akubali kutaniwa. Lililo muhimu zaidi, mtani ana wajibu: msibani ndiye anayechekesha, lakini pia ndiye anayeshika kazi za maziko. Uhuru wa kumcheka mwenzako unalipiwa kwa jukumu la kumzika. Kicheko kisicho na jibu wala wajibu hakijatimiza masharti hayo. Jina lake ni dhihaka.

Filamu, kwa maumbile yake, inaelekea upande wa dhihaka. Inatoka Dar es Salaam kwenda Shinyanga na hairudi na jibu. Mwigizaji hayupo bandani kuyasikia anayorudishiwa. Kwa hiyo swali la uhakiki ni hili: je, filamu imeunda ndani yake nafasi ya jibu ambayo mazingira yake hayaitoi?

Kwa kipimo hicho, sanaa ya Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto, inaonekana kuwa na thamani ambayo wahakiki wa msuko hawakuiona. Majuto alikuwa mtu wa Tanga, mkoa ambao mashamba yake ya mkonge yalipokea vibarua wengi kutoka Usukuma na Unyamwezi. Kiswahili chake kilikuwa cha mwambao, chepesi, chenye majibu ya papo kwa papo. Angeweza kukitumia kumshusha mtu wa bara. Lakini shabaha ya kudumu ya ucheshi wake ilikuwa ni yeye mwenyewe: mzee mchoyo, mwenye tamaa, mwoga anayejifanya shujaa, anayenaswa katika mtego alioutega. Mtazamaji wa Shinyanga hahitaji kujilinda mbele ya mhusika huyo. Anamjua, ni mjomba fulani wa ukoo. Majuto alijitoa achekwe kwanza, na kwa kufanya hivyo alitimiza sharti la kwanza la utani. Alipofariki tarehe 8 Agosti 2018, simanzi ilienea mbali na mwambao, na maombolezo hayo ni aina ya ushahidi wa upokezi: watu huomboleza mtani wao.

Hussein Ramadhani Mkiety, yaani Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga tarehe 26 Novemba 2012, aliugeuza mshale upande mwingine. Mhusika wake alikuwa sharobaro: kijana wa mji anayejidai tajiri, mwenye mwendo wa madaha, mavazi ya kubana na lugha ya maringo, ambaye mfukoni hana kitu. Katika historia iliyoelezwa hapo juu, hilo ni badiliko la maana. Tangu Muhogo Mchungu aliyechekwa alikuwa anayeingia mjini. Sasa alichekwa aliyekwisha kuwa mjini. Kwa Sharo Milionea, matamshi yasiyo ya kawaida yalikuwa alama ya kujidai badala ya alama ya ushamba. Hapo mtazamaji wa kijijini alipewa kiti cha hakimu.

7.0 Machimboni: Mshamba Mwenye Fedha

Kiti hicho kina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianza mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Pembeni ya migodi hiyo yako machimbo ya wachimbaji wadogo kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, yenye maduara, karasha na mialo yake, na miji ya biashara kama Katoro iliyokua kwa kasi. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Katika mazingira haya safari ya mshamba imepinduliwa. Fedha iko kijijini, na anayeifuata ni mtu wa mji. Anayefika bila kujua bei, bila kujua mwenye duara ni nani na wakala ni nani, anayeibiwa siku ya kwanza, ni mgeni kutoka mjini. Kiswahili cha machimboni nacho ni mchanganyiko wa watu wa Kigoma, Mara, Kagera, Tabora na kwingineko. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa /r/ na /l/ wakati wote wanategemeana shimoni, ambako neno lisilosikika vyema linaweza kugharimu maisha. Upeo wa matarajio wa hadhira hii, kwa maana ya Jauss, haufanani na ule uliotarajiwa na mtunzi wa kichekesho cha mshamba. Mtazamaji anayetoka shimoni jioni akiwa na fedha mkononi hamwoni mshamba wa kwenye skrini kama ndugu yake. Anamwona kama mtu wa hadithi ya zamani.

Hata hivyo, ukanda huu unaonyesha pia mpaka wa kicheko. Mganga ni mhusika wa kudumu wa vichekesho: amezungukwa na vibuyu, anadai vitu visivyopatikana, anamtapeli mteja. Dar es Salaam hiyo ni kejeli ya utapeli. Katika Kanda ya Ziwa, mauaji ya wazee wanawake walioshukiwa uchawi, yaliyotafitiwa na Simeon Mesaki, na kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino, yaliufanya mzaha huo kuwa mzito. Bryceson, Jønsson na Sherrington (2010) wameonyesha uhusiano wa mauaji hayo na imani za bahati katika uchimbaji mdogo, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mahali ambapo dai la mganga limewahi kumaliza uhai wa jirani, dai hilo haliwi kituko kitupu.

Haifuati kwamba mganga asichekwe. Pengine ni hapa hasa ndipo anapostahili kuchekwa, kwa sababu hofu ndiyo mtaji wake na kicheko huupunguza. Lakini kichekesho lazima kiwe na msimamo. Kipo kichekesho kinachomcheka mganga kwa saa nzima na mwishoni kikaiacha dawa yake ifanye kazi, ili tu kisa kipate kumalizika. Mhakiki wa msuko ataliita hilo umaliziaji dhaifu. Kwa mtazamaji wa Geita ni zaidi ya udhaifu: filamu imejitoa kwenye mzaha wake na kumwachia mganga ushindi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili pengo kati ya uhakiki na hadhira kuhusu filamu za vichekesho, na yameonyesha kwamba pengo hilo halielezeki kwa ladha duni ya watu wa mikoani. Wahakiki wameuliza kama kisa kimesukwa vizuri. Hadhira ya Shinyanga na Geita, iliyolelewa na mbina, utani na kibanda umiza, imeuliza pia nani anachekwa, kama anaweza kujibu, na kama mchekeshaji amejitoa achekwe kwanza. Kwa maswali hayo, Majuto na Sharo Milionea wanapanda daraja, na sehemu kubwa ya vichekesho vya lafudhi inashuka, hata pale ambapo picha zake ni safi na msuko wake hauna doa.

Uhakiki wa vichekesho vya Kiswahili utakuwa na manufaa ukianza na sikio. Mhakiki anayeandika kuhusu lafudhi ya Kisukuma katika filamu anapaswa kujua inatofautianaje na lafudhi ya Wasukuma wenyewe. Bila hivyo ataendelea kuhesabu vicheko viwili kama kimoja. Watunzi nao wana somo hapa. Mwigizaji anayetaka kumtania Msukuma hana haja ya kuacha. Ajifunze toni, ajifunze irabu, na aandike kisa ambamo Msukuma naye anapata zamu yake ya kumcheka. Kwa kuwa hakuna skrini itakayomsaidia kuzika, angalau ampe mtani wake neno la mwisho.